Setilaiti ndogo haisikiki: kutafuta tatizo hatua kwa hatua ukiwa Dodoma

Malalamiko yanayoletwa sana kuliko yote ni haya: "Setilaiti imekufa." Mara nyingi haijafa. Iko juu, inakwenda kilomita 7.5 hivi kwa kila sekunde, inatoa mawimbi yake kama kawaida, na kosa liko huku chini: kwenye saa ya laptop, kwenye waya, au kwenye chaja ya simu iliyochomekwa chumba cha pili.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi, walimu na mafundi wa Dodoma na majirani zake wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa wanaojaribu kupokea setilaiti ndogo za majaribio ya teknolojia, zile za sentimita 10 kila upande au ndefu kidogo, zinazozunguka kilomita 400 hadi 650 juu yetu. Nachukulia una kipokezi cha SDR, yaani redio inayoendeshwa kwa programu, cha kuchomeka kwenye USB, laptop, antena uliyotengeneza mwenyewe, programu ya kufuatilia njia ya setilaiti kama Gpredict, na ya kusikilizia kama SDR++ au Gqrx. Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia, na ukaguzi usio na gharama uko mbele ya wenye gharama. Anayekimbilia kununua antena kabla hajakagua saa anatupa hela.

Kabla ya yote, jifunze kutambua unachokiona kwenye ile picha ya masafa inayoshuka kwenye kioo. Setilaiti inapokujia, masafa yake yanaonekana yako juu kidogo, ikikupita yanashuka, ikiondoka yanabaki chini. Kwenye megahezi 145 badiliko hilo ni kama kilohezi 3 juu na 3 chini ya masafa yaliyotangazwa. Kwenye megahezi 437 linafika 10 kila upande. Kwa hiyo mstari wa setilaiti hupinda kama herufi S iliyovutwa. Mstari ulionyooka kabisa tangu mwanzo hadi mwisho unatoka ardhini, hata uwe mzuri namna gani. Hapa naongelea kioo kikiwa kimetulia kwenye masafa mamoja, kabla hujawasha marekebisho ya masafa ya programu. Ukishayawasha, mambo hugeuka: setilaiti hunyooka na kelele za ardhini ndizo hupinda.

DALILI YA 1: Programu inasema imepita, kioo kimebaki kitupu

Saa. Hapa ndipo wengi wanakwama, na kwetu kuna mtego ambao miongozo ya nje haiutaji. Ratiba za setilaiti zinaandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Sisi tuko saa 3 mbele. Juu ya hapo, tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Ratiba ikisema 18:00 UTC, kwa Dodoma ni 21:00, yaani saa 3 usiku. Mtu anaona 18:00, anasema saa 12 jioni, anapanda juu ya paa, anakaa na antena mkononi mpaka giza linaingia, hasikii kitu. Akishashuka kula, ndipo inapita. Kwenye kundi lenu kubalianeni kuandika nyakati zote kwa UTC, na pembeni muandike saa ya Kiswahili pamoja na "asubuhi", "jioni" au "usiku".

Kuna kosa lililojificha zaidi. Laptop nyingi za mtumba zinakuja na ukanda wa saa wa Marekani. Mwenye nayo anaona saa si sahihi, anaisogeza kwa mkono hadi ilingane na simu yake, anaridhika. Kumbe ukanda umebaki wa Marekani, na programu inapokokotoa UTC inakosea kwa saa nyingi, hata kufikia 11. Usiangalie saa ya pembeni mwa kioo. Fungua programu ya kufuatilia, tazama UTC inayoonyesha, ulinganishe na simu: lazima iwe nyuma kwa saa 3 kamili. Kwenye Linux andika date -u upate jibu hapohapo. Dakika nazo zina uzito. Kwa kasi ile, dakika moja ya kosa ni kilomita 450.

Mahali ulipo. Dodoma iko nyuzi 6.17 kusini na 35.75 mashariki. Programu nyingi zinataka kusini iandikwe kwa alama ya kutoa: -6.17. Ukisahau alama hiyo umejiweka kaskazini ya ikweta, kilomita kama 1,370 kutoka ulipo, na ratiba yote inakuwa ya watu wengine.

Data za njia. Programu haijui setilaiti iko wapi. Inakokotoa kutoka kwenye mistari miwili ya namba, TLE, ambayo lazima isasishwe. Tovuti ya CelesTrak inaitoa bure. Kwa setilaiti ya kilomita 600, data ya wiki moja bado inafaa. Kwa kituo cha anga cha kimataifa, ISS, na setilaiti za chini, sasisha kila siku unayosikiliza, kwa sababu hewa nyembamba ya huko juu inazivuta na kituo chenyewe husukumwa mara kwa mara kurudishwa juu. Usiamini kitufe cha kusasisha pekee. Angalia tarehe ya data yenyewe. Mara nyingi intaneti ilikatika katikati na programu haikusema.

Pembe. Setilaiti ya kilomita 500 ikiwa utosini iko kilomita 500 kutoka kwako. Ikiwa ndiyo kwanza inachungulia upeo wa macho, iko karibu kilomita 2,600. Hiyo ni mara tano ya umbali, na nguvu inayokufikia inashuka mara 25 na zaidi. Anayeanza achague mapito yanayopanda juu ya nyuzi 30 tu, ayaache mengine. Mwenye nyumba chini ya Mlimwa ajue kuwa upande wa mlima atapoteza dakika za mwanzo au za mwisho. Aende uwanda wa wazi. Na usishangae mapito kuwa machache. Setilaiti zinazozunguka kupitia ncha za dunia huonekana kila mzunguko kwa walio karibu na ncha. Sisi wa karibu na ikweta tunapata kama mawili ya maana asubuhi na mawili jioni, au mchana na usiku, kutegemea mzunguko wake.

Kipokezi kimehama masafa. Vipokezi vya bei ya chini vinaweza kukosea sehemu 50 katika milioni. Kwenye megahezi 437 hiyo ni karibu kilohezi 22, nje kabisa ya dirisha unalotazama. Panua dirisha. Kiwashe dakika 15 kabla ya pito kipate joto lake, kwa sababu masafa yanatembea wakati kinapasha. Ukikifungia kwenye kisanduku chini ya bati la Oktoba, kitatembea mchana kutwa. Vipokezi vyenye fuwele ya masafa inayojirekebisha joto likibadilika (TCXO) hukosea sehemu moja hivi tu katika milioni. Kama utanunua kitu kimoja, nunua hicho.

Waya na antena. Sasa ndiyo ukague vyuma. Kila mkono wa antena ya mikono miwili uwe sentimita 49 hivi kwa megahezi 145, na sentimita 16 hivi kwa 437. Iweke angalau mita moja juu ya bati. Waya mwembamba wa RG-58 wenye mita 10 unakula zaidi ya nusu ya nguvu kwenye 437. Waya wa dishi, RG-6, unaouzwa kila duka la umeme mjini, unapoteza kidogo sana kuliko huo. Ni kweli ni wa ohmu 75 na kipokezi ni cha 50, lakini hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno kukukosesha usingizi. Chomoa waya pande zote mbili, upime kwa multimita: waya wa kati uunganike mwisho hadi mwisho, na usigusane na wavu wa nje. Angalia vichwa vya waya vizuri. Vumbi la Dodoma huingia kwenye nyuzi za kiunganishi, upepo wa kiangazi unalegeza antena kila siku kidogo kidogo, na mvua ya kwanza inaingia pale palipolegea.

Ukishapita hatua hizi zote bila kitu, pima kituo chako kwa setilaiti yenye nguvu. Tahadhari: maelekezo mengi ya zamani yanakwambia ujaribie NOAA 15, 18 au 19. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025. Tumia setilaiti za hali ya hewa za Urusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, zinazotangaza mfululizo kwenye megahezi 137.9 au 137.1, kwenye kioo utaona ukanda mpana ulioinuka, wala si uzi. Kupima kwa ISS kunadanganya huku kwetu. Virudishi vyake vya 145.825 na 437.800 hutoa sauti hasa pale mtu fulani chini anapotuma, na katika eneo letu wanaotuma ni wachache. Kimya cha ISS juu ya Dodoma hakithibitishi kitu.

DALILI YA 2: Kuna mistari mingi, ila hakuna unaopinda

Hiyo ni kelele ya nyumbani. Ukiona mistari mingi iliyopangana kwa nafasi sawasawa, hicho ni chombo cha umeme kinachokatakata mkondo: chaja ya simu, taa ya LED ya bei rahisi, king'amuzi, inveta ya sola. Jaribio ni dogo. Laptop iwe kwenye betri yake, zima swichi kuu ya nyumba, tazama kioo. Kikisafika, washa saketi moja moja mpaka mchafuzi ajitokeze. Mara nyingi dawa ni kuhama tu: hatua 20 kutoka kwenye ukuta wa nyumba, waya wa USB mfupi, na pete ya feraiti kwenye waya wa USB.

Kama umezima yote na bado unasikia muziki au taarifa ya habari kwenye 145, redio za FM za mjini zimekizidi nguvu kipokezi chako. Watu wanapandisha kikuza nguvu hadi mwisho wakidhani ndiyo watasikia mbali. Kishushe mpaka sakafu ya kelele, yaani kiwango cha chini cha kelele kwenye kioo, ianze kuteremka, kisha pandisha kidogo. Ikishindikana, weka kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108 kabla ya kipokezi. Kikuza nguvu cha nje, kama unacho, kikae kule juu kwenye antena, na kichujio kitangulie.

Simama hapa: mchafuzi akiwa inveta au chaja ya sola, usiifungue. Ndani yake mna kapasita zinazoshika umeme hata baada ya kuzimwa. Ita fundi umeme. Na kelele ikionekana inatoka kwenye nguzo au transfoma ya mtaani, usisogee na antena ya chuma mkononi. Toa taarifa TANESCO, waje wenyewe.

DALILI YA 3: Mstari unapinda vizuri, programu haitoi data

Hongera, sehemu ngumu imekwisha. Kwanza angalia aina ya upokeaji. Setilaiti inayotumia BPSK, moja ya namna za kubeba data kwenye mawimbi, lazima uipokee kwa USB, hii ya ukanda wa juu wa redio, si ya kuchomekea. Ukiweka FM utasikia mfoko mtupu. Zile za data ya biti 9600 kwa sekunde zinataka FM pana ya kilohezi 15 hadi 25 isiyochujwa sauti. Ukibana hadi 12.5 umezikata pembeni. Fungua kizuia kelele hadi mwisho, kwa sababu kinakata pakiti katikati. Zima vionjo vyote vya sauti vya Windows, na hakikisha sauti inapita kwa sampuli 48,000 kwa sekunde pande zote mbili, kwenye programu ya kusikilizia na ya kusoma data. Washa marekebisho ya masafa. Rekodi ya masafa ghafi iwe inaendelea muda wote, ili ukikosea mipangilio uirudie nyumbani kwa programu ya SatDump kwa utulivu, bila kusubiri pito la kesho.

DALILI YA 4: Inakuja, inapotea, inakuja tena

Ikipotea kwa mpigo unaolingana, setilaiti inajiviringisha. Nyingi za ukubwa huu hazina namna kali ya kujituliza. Zina sumaku tu zinazofuata uga wa dunia. Antena yake ikilala ubavu na yako imesimama, mawimbi yanazama. Ukiwa na Yagi, antena ya kuelekezea, ya mkononi, geuza kiwiko robo mzunguko uone: mstari uliofifia unarudi kwenye kioo mbele ya macho yako, na baada ya sekunde kadhaa unageuza tena. Ndiyo sababu antena ya mikono minne iliyokatana, inayopokea kwa mzunguko, inafaa zaidi kwa kituo kinachojiendesha chenyewe.

Usichanganye na bikoni. Setilaiti nyingi hutangaza kwa sekunde chache tu, halafu hunyamaza nusu dakika au dakika nzima ili kutunza betri. Soma maelezo yake kwenye hifadhidata ya SatNOGS, mtandao wa vituo vya kupokea setilaiti, kabla ya kulaumu chochote. Ikipotea ovyo, bila mpigo, rudi kwenye kiunganishi kilicholegea.

DALILI YA 5: Ilisikika vizuri, sasa imedhoofu au imenyamaza

Hapa ndipo setilaiti yenyewe inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, na hata hapa panga kwanza: je, ni usiku kwake? Katika mzunguko wa dakika 95 hivi, inaweza kukaa dakika 35 kwenye kivuli cha dunia, ikiishi kwa betri. FUNcube-1, ya Uingereza, iliyorushwa tarehe 21 Novemba 2013, ilibuniwa kutoa miliwati 300 ikiwa juani na miliwati 30 tu ikiwa kivulini. Anayeisikiliza jioni na anayeisikiliza usiku wa manane wanaweza kutoa taarifa mbili zinazopingana na wote wakawa sahihi.

Pili, imejiwasha upya. Mionzi inagonga kompyuta yake, hasa juu ya Atlantiki ya Kusini ambako uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu, na kidhibiti kinaizima na kuiwasha. Kama unasoma data zake, tazama hesabu ya muda tangu iwake. Ikiwa ndogo ghafla, imezaliwa upya na pengine iko kwenye hali ya tahadhari, inaongea kidogo. Tatu, betri imechoka. Utaiona volti ikishuka wiki baada ya wiki, halafu setilaiti inaishi juani tu na kufa kila inapoingia kivulini.

Nne, haiko tena. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka ISS tarehe 11 Mei 2018 na ikaungua ikirudi angani mwa dunia mwaka 2020. Miaka miwili, na hilo ni jambo la kawaida kwa kinachoachiwa kutoka kimo kile. Jua likichangamka hewa ya juu inavimba na muda unakuwa mfupi zaidi. Angalia data za njia: zikiwa hazijasasishwa miezi kadhaa kwenye CelesTrak, huenda hakuna kitu cha kufuatilia.

DALILI YA 6: Imerushwa juzi, hakuna aliyeisikia

Vuta subira. Kwa kanuni za setilaiti za aina hii, inakaa dakika 30 baada ya kuachiwa bila kufungua antena, na dakika 45 bila kutangaza. Antena zenyewe zimefungwa kwa uzi unaokatwa kwa joto la rezista. Uzi usipokatika, itasikika kwa shida sana. Tatizo kubwa zaidi ni utambulisho. Taifa-1 ya Kenya ilipanda tarehe 15 Aprili 2023 pamoja na mizigo mingine kwa makumi kwenye roketi moja. Vyote vinatoka vikiwa kundi, na inaweza kuchukua wiki kujua namba ipi kwenye orodha ya data za njia ni ya nani. Fuatilia namba jirani zote. Ile ambayo mpindo wake unalingana na ulichorekodi ndiyo yenyewe. Kwa kazi hii kituo cha Dodoma kina thamani kubwa, maana vituo vya ukanda wetu ni vichache.

PA KUSIMAMA NA KUMWITA ANAYEHUSIKA

Mawingu ya radi yakionekana, kuanzia Novemba hadi Aprili, chomoa waya wa antena nje ya nyumba na ushuke juu ya paa. Usisubiri pito liishe. Mlingoti ukae mbali na nyaya za umeme kuzidi urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie. Mlingoti wa juu ya ghorofa au wa kudumu unahitaji fundi na waya wa ardhini uliopimwa.

Usitume mawimbi yoyote kuelekea setilaiti bila leseni ya TCRA, hata kwa kujaribu, hata redio ya mkononi ikiwa inafika masafa hayo. Na setilaiti iliyo mgonjwa inaongozwa na timu yake peke yake. Amri moja isiyo yao inaweza kuimalizia betri.

Ukiwa umepita hatua zote na unaamini tatizo liko juu, waandikie timu hiyo. Tuma tarehe na saa kwa UTC, mahali ulipo kwa nyuzi, pembe ya juu kabisa ya pito, masafa uliyosikiliza, tarehe ya data za njia, aina ya antena na urefu wa waya, na rekodi ghafi ya pito zima, hata kama ni ya kimya. Ambatanisha na rekodi ya Meteor ya siku hiyohiyo kwa kituo hichohicho, wajue kuwa kituo chako kilikuwa kinasikia.